Kusatsu: maji yanayokula msumari, na mji uliojengwa kuyapooza

Dada mmoja Mkenya anayesoma Tokyo kaniandikia, nafupisha: "Kaka, wenzangu wa chuo wanataka twende Kusatsu mwezi wa pili, tulale usiku mbili. Mi nimekulia Nakuru, maji moto ya Bogoria nimeyaona, tulichemsha mayai tukapiga picha tukarudi nyumbani. Sasa nashangaa watu wanalipa hela nyingi wakakae kwenye maji yananuka mayai viza. Kuna nini hasa huko, historia yake ni ipi, na kweli lazima nivue nguo zote? Mi naona haya jamani."

Haya dada, hilo la kuvua nguo nitalijibu ila mwishoni, manake ukishajua maji yenyewe ni ya aina gani hata hiyo haya itapungua kidogo. Mi nimepeleka wageni huko mara nyingi sana, na kitu ambacho waongozaji wengi wanakosea ni kuanza na mahoteli na vyakula. Kusatsu ni mji wa chemchemi za moto milimani huko Japani, na kila kitu kinaanza na maji. Nyumba zilivyopangwa, ngoma zao, magonjwa waliyokuwa wanatibu, hata mto wao unaowekewa dawa kila siku, vyote vimetokana na kitu kimoja tu, kwamba maji yao ni makali mno na ni ya moto mno mtu hawezi kuyaingia hivihivi. Ni mji mzima ulioshughulika miaka na miaka namna ya kuyapooza bila kuyaharibu.

Tuanze na Bogoria yako. Maji ya Bogoria ni ya magadi. Ya Kusatsu ni kinyume chake kabisa, ni asidi, pH yake, kile kipimo cha asidi, inacheza kwenye 2 hivi, yani ukali wa maji ya ndimu. Ukitumbukiza msumari wa chuma ukauacha siku kama kumi unaukuta umeliwa umebaki kama kijiti. Sabuni haitoi povu. Cheni ya fedha inageuka nyeusi, na wenyeji watakwambia tivii na friji huko hazidumu kama kwengine kwa sababu ya ile gesi ya kiberiti iliyo hewani saa zote, ndio hiyo unayosema mayai viza. Sababu ni mlima. Juu ya mji kuna volkano hai inaitwa Kusatsu-Shirane, mvua na theluji zinazama ardhini, huko chini zinakutana na joto na gesi za kiberiti, alafu zinarudi juu zimeshakuwa kitu kingine. Na zinatoka zenyewe bila pampu, zaidi ya lita 32,000 kwa dakika ukijumlisha chemchemi zote za mji, na kwa maji yanayobubujika yenyewe hivyo Kusatsu inahesabiwa ya kwanza Japani nzima. Mji wenyewe sasa una watu kama 6,000 tu!

Ukishuka kwenye basi ukafuata harufu utafika Yubatake, katikati ya mji. Jina lake maana yake shamba la maji moto, na kweli ni kama shamba, kuna mifereji saba ya mbao imelazwa sambamba, maji yanapita juu yake taratibu mvuke unapanda, mwisho yanaporomoka kwenye bwawa la rangi ya kijani. Wageni wengi wanadhani ni pambo tu la kupigia picha. Siyo. Ile mifereji ni mtambo wa kupooza. Maji pale yanatoka na joto la zaidi ya nyuzi 50, ukiyaingia umeungua, na ukiongeza maji baridi umeyazimua, umeua dawa. Kwa hiyo wanayatembeza kwenye mbao yapoe kwa hewa. Na yakipita yanaacha unga wa njano wa kiberiti kwenye mbao, wanaukwangua, wanaukausha, wanauza kwenye vipakti watu wakaweke kwenye maji ya kuoga nyumbani. Hakuna kinachotupwa. Muonekano wa eneo hilo ulivyo sasa, yale mawe na njia ya kuzunguka, ulisanifiwa mwaka 1975 na msanii Taro Okamoto, mtu maarufu sana kwao.

Ukija kwenye historia, asili yenyewe ni hadithi, na ziko kadhaa. Inayopendwa zaidi ni kwamba Minamoto no Yoritomo, yule aliyeanzisha utawala wa mashogun, yani watawala wa kijeshi, alikuwa anawinda maeneo hayo mwaka 1193 akayakuta maji akaoga. Karibu na Yubatake kuna bafu la umma linaitwa Shirahata-no-yu linahusishwa na yeye. Mimi hizo hadithi huwa nazisikiliza kwa sikio moja, kila chemchemi Japani ina mfalme, mtawa au mnyama fulani aliyeigundua, ila haina maana hakukuwa na watu kabla yake. Kinachojulikana vizuri ni kwamba kipindi cha vita vya wenyewe kwa wenyewe, karne ya 15 na 16, wapiganaji walikuwa wanapanda huko kutibu majeraha, maji ya asidi yanaua vijidudu kwa hiyo vidonda vilikuwa vinakauka kweli, hiyo haikuwa imani tu. Baadaye wakati wa utawala wa ukoo wa Tokugawa, shogun wao wa nane, Yoshimune, hakwenda mwenyewe, aliagiza maji yachotwe Yubatake yabebwe mpaka Edo, ambayo ndo Tokyo ya leo, na lile fremu la mbao mahali yalipochotwa bado lipo pale katikati ya bwawa, ukienda litafute. Wasomi wa enzi hizo walishaanza kuitaja Kusatsu pamoja na Arima na Gero kama chemchemi tatu bora za nchi, na hiyo sifa haijawahi kuwatoka.

Kitu ambacho mi kilinishangaza nilipokisikia mara ya kwanza, zamani wenyeji walikuwa hawakai huko mwaka mzima. Mji uko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, baridi ni kali na theluji inaziba njia, kwa hiyo ikifika vuli walikuwa wanafunga nyumba za wageni zote wanashuka vijiji vya bondeni na familia zao, wanarudi masika. Mji mzima unahama. Fikiria leo wewe unaenda mwezi wa pili kwa starehe, mwezi ambao zamani ungekuta paka tu, kama paka nao hawakushuka.

Mwaka 1869 mji uliungua karibu wote. Ni kipindi kilekile utawala wa mfalme Meiji umeanza, na ikabidi wajenge upya na watafute wageni upya. Hapo ndipo wakaweka utaratibu ule uliowapa jina, kuoga kwa kuhesabiwa muda, wenyewe wanaita jikan-yu. Maji yanakaribia nyuzi 48, hayo huyaingii kienyeji. Kwanza mnayakanda. Ndio, kukanda, neno lao yumomi lina maana hiyohiyo, na mi nalipenda kwa Kiswahili kwa sababu sisi kukanda ni unga na kukanda ni mgonjwa pia, na hapa ni vyote viwili. Kila mtu anashika ubao mrefu kama futi sita, mnasimama kuzunguka bwawa, mnageuza maji upande huu na upande ule kwa mdundo huku mnaimba, maji yanapoa kidogo na mwili wenu unapata joto. Alafu mnajimwagia maji kichwani kwa kata, mara nyingi, damu isije ikapanda ghafla ukaanguka. Kisha kiongozi wa bafu anatoa amri, mnaingia wote pamoja, hakuna kujitikisa kwa sababu ukijitikisa unamchoma mwenzako, na yeye anahesabu kwa sauti, zimebaki dakika mbili, imebaki moja, nyie mnaitikia. Dakika tatu, toka. Mgonjwa alirudia hivyo mara kadhaa kwa siku, wiki na wiki. Wale viongozi wa bafu halmashauri ya mji ilishaondoa cheo chao mwaka 2019 na ugomvi ulikuwa mkubwa, kwa maoni yangu walipoteza kitu ambacho hakirudi. Sasa hivi utakachokiona ni onyesho la kukanda maji kwenye ukumbi wa Netsunoyu, kinamama wamevaa kimono wanageuza mbao wanaimba, na mara nyingi wageni wanaruhusiwa kujaribu. Ni onyesho la watalii sawa, ila ukiwa unajua lilitokea wapi hutaliona kama maigizo.

Aliyewapeleka kwenye ramani ya dunia ni daktari Mjerumani, Erwin Bälz. Alifika Japani mwaka 1876 kufundisha udaktari Tokyo, akawa hata daktari wa familia ya mfalme, akapanda Kusatsu akaona wanavyooga, na badala ya kucheka kama Wazungu wengine akaandika kwamba hawa watu wanajua wanachofanya. Alipenda hewa ya mlimani, maji, na ule utaratibu, akanunua mpaka ardhi. Sanamu yake iko kwenye bustani ya Sainokawara, na mji aliozaliwa huko Ujerumani, Bietigheim-Bissingen, ni mji dada wa Kusatsu tangu 1962.

Sasa dada, hapa naomba usome polepole, kwa sababu hiki ndicho vipeperushi vya hoteli haviandiki. Kama maji yanakausha vidonda, ni nani alikuwa anayakimbilia kuliko wote? Wenye ukoma. Walitoka kila pembe ya Japani, wengi wamefukuzwa makwao, na mwaka 1887 wakasogezwa wakae kitongoji chao pembeni, Yunosawa, wakawa na maduka yao, nyumba zao za wageni na uongozi wao wenyewe. Mmisionari mmoja Mwingereza, Mary Cornwall Legh, tayari mtu mzima, alihamia pale miaka ya 1910 akatumia mali yake kujenga hospitali, shule na makazi. Kwa wakati ule, mahali ambapo wagonjwa wa ukoma wanaishi kama raia lilikuwa jambo la nadra. Halafu serikali ikaja na sera ya kuwafungia. Mwaka 1932 ikajengwa taasisi ya Kuryu Rakusen-en nje kidogo ya mji, na Yunosawa ikavunjwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Ndani ya taasisi hiyo kukawa na vyumba vya adhabu, kuanzia 1938 hadi 1947, wagonjwa walioonekana wakaidi wanaletwa kutoka nchi nzima, wanafungiwa gizani kwenye baridi ya chini ya sifuri bila moto. Waliofungiwa wanahesabiwa 93, waliokufa 23. Sheria ya kuwatenga ilikuja kufutwa mwaka 1996, wakati dawa ya ukoma ilikuwepo miaka mingi sana kabla, na mwaka 2001 mahakama ya Kumamoto ikasema serikali ilivunja katiba. Leo kuna jumba dogo la makumbusho ya vile vyumba. Mi kila kundi langu nalipitisha pale hata wakinuna, kwa sababu huwezi kusifia maji kwamba yanaponya alafu usiseme walioyafuata walifanyiwa nini.

Turudi kwenye maji. Mwaka 1970 kwenye mgodi wa kiberiti uliokuwa hukohuko juu yalichomoza maji mengine, Bandaiko, nyuzi kama 95, asidi kali kuliko ya Yubatake. Hayo hata kuyapooza kwa mbao ni shida. Basi wakafanya akili, wanayapitisha kwenye mabomba pembeni ya maji safi, joto linahama, maji safi yaliyopashwa yanaenda majumbani na mengine yanapita chini ya barabara kuyeyusha theluji. Kwa hiyo mwezi wa pili utaona barabara zingine kavu kabisa na pembeni theluji imerundikana kiunoni, usishangae.

Na je hayo maji yote ya asidi yanaenda wapi yakishatumika? Mtoni. Zamani mto wa chini walikuwa wanauita mto wa mauti, samaki hakuna, mashamba hayamwagiliki, hata nguzo za daraja za zege zinaliwa. Tangu mwaka 1964 kuna kiwanda kinamwaga unga wa mawe ya chokaa uliokorogwa na maji ndani ya mto usiku na mchana, makumi ya tani kila siku, kuua ile asidi. Kikisimama, asidi inateremka tena mtoni kama zamani. Ukipita darajani utaona maji meupe kama maziwa yanaingia, ndo hayo.

Volkano yenyewe haijalala. Tarehe 23 Januari 2018 upande wa Moto-Shirane ulilipuka bila onyo karibu na uwanja wa kuteleza kwenye theluji, mawe yakawapiga watu, askari mmoja wa jeshi la kujilinda, ndo jeshi la Japani, aliyekuwa mazoezini akafariki. Huko juu kuna ziwa la kreta, Yugama, rangi yake ni ya bluu ya maziwa, zuri mno, ila njia ya kulikaribia hufungwa kulingana na hali ya mlima, kwa hiyo usiliweke kwenye mpango wako kama uhakika, na mwezi wa pili ndo kabisa sahau. Mjini kwenyewe hamna tatizo.

Ah, na mpira, usiniambie Nakuru hamna washabiki. Kusatsu ilikuwa na timu inaitwa Thespa, jina lenyewe wamechezea neno la Kiingereza la chemchemi ya tiba, wachezaji asubuhi wanafanya usafi na kazi za jikoni kwenye mahoteli, jioni mazoezi. Mwaka 2004 wakiwa bado ligi ya chini wakaitoa Yokohama F. Marinos, mabingwa wa nchi, kwenye Kombe la Mfalme, tena wakiwa wamebaki tisa uwanjani. Baadaye timu ikahamia Maebashi ikabadilishwa jina, sasa ni Thespa Gunma, ila wazee wa Kusatsu ukiwatajia mechi hiyo chai utanywa bure.

Haya, mipango. Kutoka Ueno mnapanda treni ya haraka mpaka Naganohara-Kusatsuguchi, mwendo wa masaa mawili na nusu hivi, alafu basi dakika 25. Kuna basi la moja kwa moja toka Shinjuku pia, mwendo wa kama masaa manne, bei nafuu ila theluji ikizidi linachelewa. Jioni ya kwanza msioge sana, zungukeni Yubatake usiku ikiwa na taa, mkae kwenye bwawa dogo la kutumbukiza miguu, hilo ni la bure na halihitaji kuvua chochote zaidi ya soksi, huo ndo mwanzo mzuri kwa mtu mwenye haya. Asubuhi tembeeni mpaka Sainokawara, bonde lenye mawe na vijito vya moto pembeni ya njia, kuna bwawa kubwa la wazi huko, theluji inakuangukia kichwani wewe shingo chini umo kwenye joto. Njiani wenye maduka watakugawia vitumbua vya mvuke vyenye maharage matamu ndani, bure, na chai. Chukua, sio mtego. Hotelini chakula cha jioni kina kila kitu kwa hiyo kama huli nguruwe au hutaki pombe kwenye mchuzi sema wakati wa kubuku, ukifika tu ndo unasema watahangaika.

Sasa la nguo. Ndio, mnavua zote, na vazi la kuogelea kwa kawaida haliruhusiwi. Ila wanawake kwao na wanaume kwao, mlango tofauti, pazia tofauti, huchanganywi na mtu. Ichukulie kama hamamu, kama ile ya Hamamni pale Unguja enzi za Sayyid Barghash, tofauti ni kwamba huku joto linatoka ardhini badala ya kuni. Unakaa kwenye kistuli unajisugua na sabuni unajisuuza mpaka povu liishe, hapo ndo unaingia, kwenye bwawa sio mahali pa kujisafishia. Utapewa kitaulo kidogo, unajisitiri nacho ukitembea, ukiingia unakiweka kichwani au pembeni, majini hakiingii. Nywele ndefu au rasta zifunge juu. Watu watakutazama sekunde mbili kwa sababu wewe ni mgeni, alafu watafumba macho, kila mtu kaja na uchovu wake. Tatuu kama unayo, uliza kwanza, sehemu nyingine wanakataa.

Ukiona bado roho inagoma, hoteli nyingi zina bafu la kukodi peke yako kwa dakika 40 au saa nzima, unafunga mlango na ufunguo, unaoga mwenyewe au na rafiki yako mmoja. Hakuna atakayekuona wala kukucheka, familia za Kijapani zinafanya hivyo kila siku. Ila kesho yake jaribu pale Otaki-no-yu, wana mabwawa yamepangwa kwa joto, unaanza na la chini unapanda moja moja, na kila mtu anakuwa anapambana na joto lake hata muda wa kukuangalia hana.

Kaa dakika chache tu, toka, kunywa maji, rudi. Usiingie umeshiba sana wala umekunywa. Maji yakiingia machoni yanauma kama pilipili kwa hiyo usijifute uso nayo, lenzi za macho toa kabla. Kama una presha, ujauzito au kidonda kibichi ongea na daktari kwanza. Ngozi ikiwa kavu na laini, ukitoka jimwagie maji ya kawaida manake ile asidi ikikaukia mwilini inawasha. Na hiyo cheni uliyoivaa kwenye picha yako, kama ni fedha kweli, iache Tokyo.